UZI: Paa la kupinda la tela dogo la kulala – kiunzi, plaiwudi, bati, na mahali linapovujia

#1 RandaNaPatasi

Wakuu, maswali ya paa yamekuwa yakipotea kwenye nyuzi za chesisi na ekseli, kwa hiyo nayaweka hapa peke yake. Tunazungumzia lile tela dogo la watu wawili, kitanda ndani na jiko nyuma, ambalo Wamarekani wanaliunda nyumbani tangu miaka ya 1930. Paa lake linaanza chini kwenye pua (mbele ya tela), linapanda, linapita juu na kushuka nyuma kwa mpindo mmoja. Kuta zake ni kazi ya msumeno tu. Ubingwa uko kwenye paa.

Upana uamuliwe na bati, si na godoro. Bati la alumini linalopatikana kirahisi ni 1220 × 2440 mm. Ukiunda tela lenye upana wa nje wa 1214, bati moja linatoka chini ya pua mpaka kwenye bawaba za mlango wa nyuma bila kiungo hata kimoja, na kila upande inabaki milimita 3 ya kupunguza. Anayetaka upana wa 1500 atafute alumini ya roli yenye upana huo, au akubali viungo vya kukatiza paa. Kila kiungo ni njia ya maji.

Mfano nitakaotumia uzi mzima: kuta za plaiwudi ya 18 mm, urefu 2440, kimo 1000. Kuanzia sakafuni kwenye pua, paa linapanda wima 450, kisha mpindo wenye nusu kipenyo cha 550 (urefu wake ukipimwa juu ya mpindo ni 864), kisha mgongo unaopinda kidogo sana, kama 1050, mpaka kwenye bawaba. Jumla 2364. Kwenye bati la 2440 zinabaki 76: kama 25 zikunjwe chini ya sakafu, nyingine utazikata mwishoni.

Kuchora mpindo: piga misumari kwenye alama zako, kisha pindisha paipu ya plastiki ya nyaya za umeme ya 20 mm ikiegemea misumari. Usichore kwa jicho. Paipu ikikataa mahali, ujue na plaiwudi itakataa hapo hapo. Kata kwa jigiso ukiacha 2 au 3 mm nje ya mstari, malizia kwa randa na msasa. Ukuta wa pili usiuchore. Funga wa kwanza juu yake kwa klampu, pitisha rauta (mashine ya kuchonga kingo) yenye bisi ya bearing inayofuata ukuta wa kwanza, zitoke pacha. Kuta zikitofautiana 2 mm tu, pau (mbao za kukatiza kutoka ukuta hadi ukuta) zitakaa mshazari na bati litaonyesha wimbi ambalo hakuna rangi ya kulificha.

Sasa mpangilio, na hapa ndipo wengi wanakosea: dari kwanza, pau baadaye, plaiwudi ya nje mwisho.

Ndani ya kila ukuta, chora mstari ulio 43 mm chini ya ukingo ukifuata mpindo wote. Chini ya mstari huo gundisha na kuskrubu ukanda wa kuegeshea dari. Ukanda uwe wa plaiwudi ya 12 mm iliyokatwa kwa umbo la mpindo, upana 30 mm. Usijaribu kupinda mbao nzima, itapasuka. Dari ya plaiwudi 3 mm inashushwa kutoka juu na kulala kwenye ukanda huo. Juu yake zinakuja pau zenye kimo cha 40 mm. 3 na 40 zinafanya 43, kwa hiyo mgongo wa pau unalingana sawasawa na ukingo wa ukuta, na plaiwudi ya nje inalala juu ya vyote viwili.

Nafasi kati ya kuta ni 1178 (1214 ukitoa 18 mara mbili). Pau zikatwe 1178 kamili, dari 1176 ili isikwaruze ikishuka.

Pau zinakaa hivi, nikipima kutoka chini ya pua: moja sakafuni, moja kwenye 272, saba kwenye mpindo kuanzia 450 hadi 1314 kila baada ya 144, moja kwenye 1492, mbili za mgongo, na ya bawaba kwenye 2364. Ni 13, sawa na mita 15.3 za mbao. Za kawaida ni 22 × 40 baada ya randa, yaani ile ya moja kwa mbili ya dukani. Za 272 na 1492 ziwe na upana wa 45 kwa sababu zinabeba kiungo cha plaiwudi. Ya sakafuni na ya bawaba ziwe za mbao ngumu, 40 × 50.

Pau isimame ikitazama kitovu cha mpindo. Isisimame wima kama boriti ya nyumba. Ikisimama wima kwenye mpindo, kona yake moja inachomoza na plaiwudi inapata mgongo wa samaki. Ikielekea kitovu, hata kuiranda juu hakuna haja: pau ya 22 kwenye mpindo wa 550 kona zake zinazidi kwa kama 0.1 mm tu.

Kila ncha: gundi na skrubu mbili za 4 × 60 kutoka nje ya ukuta, moja juu ya nyingine, umbali 18 mm. Skrubu moja inaruhusu pau kuzunguka. Toboa tundu la kutangulia la 2.5.

Kabla ya kufunika, laza rula ndefu kutoka pau hadi pau, na uzi kutoka ukuta hadi ukuta. Penye pengo la zaidi ya 1 mm, weka kibanzi chenye gundi. Palipozidi, randa.

#2 kidundulizi

Mkuu, hiyo dari kwanza inanichanganya. Kwa nini nisipige pau halafu nikapandisha dari kutoka ndani, kama siling'i ya nyumba?

#3 RandaNaPatasi

Unaweza. Ila utakuwa umelala chali ndani ya sanduku la mita moja na ushee, unasukuma juu plaiwudi inayotaka kunyooka, gundi inakudondokea usoni. Kutoka juu, uzito wa plaiwudi wenyewe unakusaidia. Na faida kubwa zaidi: unaipaka dari vanishi au rangi ikiwa bado iko mezani, na matone ya gundi yanaangukia upande usioonekana.

Kingine: nyaya na foma (ya kuzuia joto na baridi) unaziweka ukiwa umesimama, unaona kila kitu.

#4 MsumenoMkali

Naongezea kwenye plaiwudi maana mkuu amepita haraka.

Shuka la 1220 × 2440 mara nyingi nyuzi za uso wake zinafuata urefu. Ukililaza kwa urefu juu ya tela, unalipinda kinyume na nyuzi zake, na huko ndiko linakogoma au kuvunjika. Likate katikati upate miraba miwili ya 1220 × 1220, kisha izungushe robo duara ili nyuzi zilale sambamba na pau. Hapo 3 mm itazunguka mpindo wa 550 bila kelele. Miraba ndiyo sababu nyingine ya kupenda upana wa 1214, maana hakuna kinachotupwa.

Sasa kiungo. Ukianza kupanga miraba kutoka chini ya pua, kiungo cha kwanza kinaangukia 1220, katikati ya mpindo mkali kabisa. Ncha mbili za plaiwudi haziwezi kupinda sawasawa, zinabaki nyoofu kwa sentimita chache na kutengeneza kona. Kwa hiyo mraba mzima uende katikati: mpindo wa 864 pamoja na 178 kila upande, jumla 1220. Viungo vinaangukia 272 na 1492, sehemu ambazo ni karibu kunyooka, ndiyo maana RandaNaPatasi ameweka pau pana hapo. Mraba wa pili unatoa kipande cha 272 cha chini na 872 cha mgongo. Jumla 1144, inabaki chenji.

Kupinda: mimina maji ya moto juu ya uso wa nje, ule unaovutwa, funika na taulo zenye maji ya moto kwa robo saa. Kisha mikanda ya kufungia mzigo, ile yenye kikazio, minne, na chini ya kila mkanda ubao ili usichimbe plaiwudi. Kaza kidogo kidogo ukipokezana. Acha ikauke usiku mzima ikiwa imefungwa, BILA gundi. Kesho yake ifungue, itabaki na umbo. Ndipo upake gundi, urudishe mikanda, upige misumari ya plaiwudi ya 20 mm kila 75 kwenye pau, na skrubu za 3 × 20 kila 100 kwenye ukingo wa ukuta. Kwenye ukingo toboa kwanza 2 mm, la sivyo tabaka za plaiwudi ya 18 zinafunguka kama kurasa.

Kupima ubora: chukua kipande cha kiganja, kichemshe saa moja kwenye sufuria. Kikiachana tabaka, gundi yake si ya kustahimili maji, hata kama muuzaji ameigonga muhuri wa marini. Na hadibodi msiiguse kwa kazi hii, inanyonya unyevu na kuvimba.

#5 saipresi_254

Wandugu, huku Kenya mbao rahisi ya pau ni saipresi, Tanzania nadhani ni paini. Zote sawa, nyepesi na zinashika skrubu vizuri, bora iwe imekauka na haina fundo. Fundo kwenye pau ya 22 ni mahali pa kuvunjikia.

Lakini onyo moja: msitumie mbao iliyotiwa dawa ile ya rangi ya kijani chini ya alumini. Dawa hiyo ina shaba, na shaba ikikutana na unyevu inaila alumini mpaka inatoboka vitundu. Watu wanadhani wanazuia mchwa kumbe wanaua bati. Tela halikai ardhini, mchwa wataingilia wapi? Tumia mbao isiyo na dawa, paka koti la vanishi au la gundi ya epoksi kwenye ncha zote, hasa ile pau ya sakafuni inayorushiwa maji na matairi.

Ubao wa bawaba mimi ningeweka mvule. Mninga pia unafaa.

#6 kidundulizi

Na foma? Nimeona madukani kuna nyeupe ya 25 na ya 50.

#7 RandaNaPatasi

Nyeupe inatosha. Nafasi ni 40, kwa hiyo kata ile ya 50 kwa waya wa moto ibaki 38. Usiijaze mpaka 40: foma ikigusa plaiwudi ya nje inaisukuma na utaona vimbe kati ya pau jua likiwa upande.

Mambo mawili yanayoharibu watu hapa. La kwanza, gundi ya viatu, ile ya njano ya kubandika pande mbili, inaiyeyusha foma nyeupe pale pale. Shikilia kwa matone ya gundi ya poliyurethini, au kata saizi ya kubana tu. La pili, foma ya kopo inayovimba. Inatumika kuziba nyufa kati ya foma na pau, nyembamba, na iachwe ivimbe na kukauka KABLA plaiwudi haijafungwa, kisha ikatwe kwa kisu. Ikifungiwa ndani inapandisha paa.

Kuziba nyufa hizo si urembo. Watu wawili wakilala ndani, pumzi yao yote inatafuta mahali pa baridi pa kugandia maji, na penye baridi ni chini ya bati. Usiku wa Naivasha au Makambako utaona matone asubuhi na kudhani paa linavuja.

Nyaya za taa zipite kwenye paipu wakati huu huu, na upige picha ukiwa umeweka rula ndani ya picha. Baadaye utahitaji kujua pa kutotoboa.

#8 BatiSafi

Nimesubiri mfike kwenye bati.

Unene: 0.8 au 1.0 mm. Ya 0.5 inabonyea kwa kiwiko. Ya 1.0 ina uzito wa kilo 2.7 kwa mita ya mraba, na paa lote pamoja na mlango wa nyuma ni kama mita za mraba 5, yaani kilo 13 na nusu. Kuna wanaosema wataweka bati la kawaida la zinki geji 28 kwa sababu ni jembamba. Geji 28 ni takribani 0.4 mm, lakini chuma kina uzito karibu mara tatu ya alumini, kwa hiyo hamjapunguza hata kilo moja, na mmejiongezea kutu kwenye kila ukingo uliokatwa.

Jambo la kuelewa ni joto. Alumini ikipanda nyuzi 50, kutoka baridi ya alfajiri mpaka jua la saa saba, bati la 2440 linarefuka karibu 3 mm. Plaiwudi chini yake hairefuki hivyo. Ukiligundisha kwa mabaka, gundi hapa, hapana pale, lile baka lisilo na gundi ndilo linalovimba. Kwa hiyo mimi naliacha bati lielee: halina gundi katikati, limelazwa juu ya plaiwudi iliyopakwa rangi au epoksi, na linashikwa kingo tu na engo za alumini (vipande vyenye umbo la L) zilizokaa juu ya mkanda wa butili, ule laini unaonata na kuziba maji. Matundu ya skrubu kwenye bati yawe ya 5 kwa skrubu ya 4, isipokuwa yale ya katikati ya kila ukingo ambayo ni ya kubana. Bati linapata nafasi ya kwenda mbele na nyuma.

Ufungaji: anzia juu, kwenye mgongo, shika kwa mikanda yenye blanketi chini yake, kisha vuta kushuka puani. Ukianzia puani kwenda juu, kasoro yote unaisukumia kwenye bawaba. Ule utando wa plastiki wa bati msiubandue mpaka mwisho, ila kwenye kingo ubanduliwe sentimita 4 kabla ya butili.

Kupunguza zile 3 mm za pembeni: rauta na bisi ya bearing, mwendo wa pole. Vaa miwani.

#9 MsumenoMkali

Hapo sikubaliani na BatiSafi. Kuelea ni kuzuri kwenye lami. Kwenye barabara ya vumbi yenye makunyanzi, bati lisiloshikwa katikati linapiga ngoma saa nzima, na mchanga unaojipenyeza chini yake unalisugua. Mimi ningegundisha lote kwa gundi ya poliyurethini inayobaki laini, mistari ya sentimita 10 kwa 10, ikandamizwe kwa mikanda siku nzima. Gundi laini inakubali zile milimita 3 bila kuachia.

#10 BatiSafi

Gundi laini ndiyo, nakubali, mradi isiwe ile ya njano inayokauka ngumu. Ila siku mti ukikuangukia bati hilo hulibandui, unakata paa. La kwangu linatoka kwa bisibisi. Kwa kelele, bati lililovutwa vizuri juu ya mpindo halipigi, kwa sababu mpindo wenyewe unalikaza. Linalopiga ni lile la mgongo ulio bapa mno. Ndiyo maana mgongo nao uchorwe na mpindo kidogo, usiwe meza.

Kwa barabara za rafu tupu, gundisha mgongo tu na pua uiache. Sioni dhambi.

#11 mwenge_minnesota

Salaam kutoka Marekani. Huku wengi wasiotaka bati wanatumia turubai la pamba na gundi ya mbao, na kwa bei ya vifaa ni njia inayofaa hata nyumbani. Kwa ufupi: plaiwudi isuguliwe, mashimo ya skrubu yajazwe, kona za ukingo ziviringwe kwa nusu kipenyo cha 6 hivi maana kitambaa hakishiki kona kali. Paka gundi ya mbao inayostahimili maji (wengi huku wanatumia Titebond II) ikiwa imechanganywa na maji kidogo ili ienee kwa rola. Tandika turubai la pamba lisilotiwa nta, lilainishe kutoka katikati kwenda nje, pitisha koti jingine la gundi juu mpaka kitambaa kiloe. Likikauka linakaza lenyewe. Kisha rangi ya nje ya nyumba ya maji, koti la kwanza liwe jepesi ili liingie kwenye nyuzi, halafu mawili au matatu mazito.

Kitambaa kishuke kwenye kuta sentimita 4 na kifunikwe na engo. Rangi iwe nyeupe au ya krimu.

Udhaifu wake: tawi likikwaruza linachana, na lazima upake rangi tena kila baada ya miaka michache. Uzuri wake: kiraka kinabandikwa kwa dakika kumi.

#12 saipresi_254

Na faiba je, mwenge? Huku mafundi wa boti wanayo.

#13 mwenge_minnesota

Kama ni epoksi na kitambaa cha kioo, ndiyo, hakuna kigumu kuliko hicho. Resini ya poliesta, ile yenye harufu kali ya mafundi wa bampa, haishiki mbao kwa muda mrefu, inabanduka kwa shuka zima baada ya misimu ya jua na mvua. Na epoksi lazima ipakwe rangi, jua linaiua. Epuka rangi nyeusi kwa sababu epoksi ya kawaida inalainika kwenye joto kubwa na utaanza kuona nyuzi za kitambaa zikichora juu.

#14 kidundulizi

Nataka tundu la hewa juu, lenye feni. Liwekwe wapi?

#15 RandaNaPatasi

Vile vya kiwandani vinataka tundu la inchi 14 kwa 14, yaani 356 mm. Kwenye mgongo, zile pau mbili zilizo kati ya 1492 na 2364 zisogeze ziachane 360 nafasi tupu (382 katikati hadi katikati kwa pau za 22), kisha ziunganishe kwa vipande viwili vifupi vyenye 360 kati yake. Umepata fremu.

Tatizo ni kwamba fleji ya feni (ukingo wake wa kulalia paa) ni bapa na paa limepinda. Mgongo wenye nusu kipenyo cha mita 3, ukipima upana wa 400, unaacha pengo la karibu 7 mm. Mkanda wa butili ni wa 3 mm. Watu wanakaza skrubu mpaka fleji inapinda, wanajaza silikoni, na mvua ya kwanza inawapata kitandani. Tengeneza kizingiti cha mbao: chini kimesuguliwa kufuata mpindo (laza msasa juu ya paa uso juu, usugue kizingiti hapo hapo mpaka kikae), juu kiwe bapa kabisa. Kigundishe na kukiskrubu kwenye plaiwudi kabla ya bati. Bati likatwe likizunguke, na engo ndogo ishuke kutoka kizingiti kulilalia bati.

#16 BatiSafi

Engo za pembeni, maana hapa ndipo maji yanapoingia kwenye matela mengi. Siyo kwenye bati.

Engo ya 20 × 20 × 1.5, urefu wa mzunguko wote. Kwenye mgongo inalala yenyewe. Kwenye mpindo wa 550 ule uso unaolala ubavuni mwa ukuta unakunjamana. Dawa yake ni kuilainisha kwa moto: paka sabuni ya mche kavu juu ya sehemu itakayopinda, pitisha mwali wa gesi kwa nyuma, uendelee kusogeza. Sabuni ikigeuka kahawia ya kuiva kuelekea nyeusi, ondoa moto, acha ipoe. Alumini haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka, sabuni ndiyo jicho lako. Ikipoa inapinda kwa mkono juu ya kalibu ya mbao. Pinda siku hiyo hiyo na mara moja tu, ikikunjwa na kukunjuliwa inakuwa ngumu tena na kupasuka.

Butili chini ya engo pande zote mbili. Skrubu za stenlesi kila 120, kwenye mpindo kila 75, ukianzia katikati ya paa kwenda ncha zote mbili. Usikaze mwisho siku hiyo. Butili inatambaa polepole. Kaza tena kesho yake na keshokutwa, kisha kata iliyotoka kwa kipande cha plastiki, kisu kitakwaruza bati.

Silikoni ya kawaida inayonuka siki iacheni dukani. Inashambulia chuma, na ikishapakwa mahali hakuna kitu kingine kitakachoshika hapo, hata rangi. Juu ya ukingo wa engo pitisha mstari mwembamba wa poliyurethini kama mnataka, lakini butili ndiyo inayozuia.

Walio Dar, Tanga, Mombasa: stenlesi na alumini kwenye hewa ya chumvi vinagombana. Chovya kila skrubu kwenye poliyurethini kabla ya kuiingiza. Ribiti zile za kawaida zenye shina la chuma msizitumie juu ya paa. Shina linakatika, kipande kinabaki ndani, kinatoa machozi ya kutu na tundu lake linapitisha maji.

#17 MsumenoMkali

Mlango wa nyuma haujaguswa.

Mbavu zake zikatwe kwenye plaiwudi ya 18 kwa kalibu ile ile ya ukuta, ukitoa 3 mm ya plaiwudi ya juu. Mbavu nne zinatosha kwa upana huu, zikiunganishwa na pau za kukatiza kila 200. Ujenge juu ya tela lenyewe, mbavu zikiwa zimefungwa kwa muda kwenye kuta na vibao vya 4 mm katikati kama nafasi ya raba.

Shida ya mlango huu ni kujinyoosha. Plaiwudi iliyopindwa inataka kurudi, ukiuvua mapema ncha ya chini inafunguka nje kwa sentimita nzima au zaidi na haitarudi tena. Gundisha plaiwudi ya nje na ya ndani kabla ya kuuvua, kwa sababu ganda mbili zenye mbavu katikati zinashikana na kukataa kunyooka. Mikanda ikae saa 24. Bado utarudi milimita chache, kwa hiyo wengine wanachora mbavu zikiwa zimejikunja 5 mm zaidi chini. Hiyo 5 inamezwa na raba.

Bawaba: ndefu ya piano, ya stenlesi, upana mzima. Yenyewe haizuii maji hata kidogo. Juu yake weka kilemba cha raba chenye upana wa 100: upande wa mbele kimebanwa chini ya ukanda wa alumini na butili, upande wa nyuma kinalala huru juu ya mlango. Maji na upepo vyote vinatoka mbele kwenda nyuma hapo, kwa hiyo kinafanya kazi. Tyubu ya lori inafaa kwa kuanzia ingawa jua litaipasua, raba nyeusi ya mapaa ya bapa inadumu zaidi.

Raba za pembeni ni zile za milango ya gari zenye bomba. Ndani ya ukuta, nyuma ya raba, weka mfereji wa engo ya 12 mm unaoshuka mpaka chini. Raba itapitisha matone tu siku moja, mfereji uyapeleke nje yasifike kwenye kabati la unga.

#18 kidundulizi

Nimeshika. Kwa hiyo manunuzi ya paa pamoja na mlango: plaiwudi 3 mm shuka nne, bati mbili, pau mita 15.3 na za mlango. Butili kiasi gani? Na nitajuaje halivuji kabla sijasafiri?

#19 BatiSafi

Ongeza mbao, nunua mita 22 uchague zilizonyooka. Butili ya 20 mm mita 20: kingo mbili za paa, kingo mbili za mlango, pua, bawaba na feni. Skrubu za engo kama 150, nunua 200.

Kupima: bomba la maji, mtu mmoja ndani na tochi, mlango umefungwa. Anza CHINI, pua na viungo vya sakafu, dakika kumi kila sehemu, halafu panda. Ukianza juu maji yanateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Mgongo uwe wa mwisho, na feni ya mwisho kabisa. Kisha rudia mlango wa nyuma huku pua ya tela imeinuliwa, na mara nyingine imeshushwa, maana kambini hutapata ardhi tambarare.

Likipitisha mahali, usipake kitu juu. Fungua engo hiyo, safisha kwa spiriti, weka butili mpya.